Deni la Mlaji

Ulimi ni kiungo kidogo, lakini ni hakimu mwepesi wa kutoa hukumu. Jicho hutazama mara mbili kabla ya kuamua; sikio hungoja neno limalizike; mguu hupima kina cha maji. Ulimi hukutana na kitu kigeni na papo hapo hukiita kitamu au kibaya, na hukumu yake haina rufani. Kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kuwa habari ya chakula si habari ya haki na batili. Ni habari ya kupenda na kutopenda, na hapana mtu awezaye kulaumiwa kwa asichokipenda. Fikira hii ina ukweli, lakini ukweli wake ni nusu. Hakika hapana awezaye kuuamrisha ulimi uone utamu mahali unapoona uchungu. Walakini chakula hakishuki kutoka hewani kikaingia kinywani. Hutoka katika mkono wa mtu. Mkono umekitoa katika ardhi. Na ardhi ina wenyewe. Alaye chakula kigeni hakutani na ladha peke yake, hukutana na watu. Na palipo mtu na mtu pana haki na wajibu.

Swali basi ni hili: mtu ajaribuye chakula cha jadi cha watu wengine ana deni gani kwao?

Lugha ya Kiswahili imekwisha kutengeneza njia ya jibu, kwa kuwa ina maneno mawili mahali ambapo mtu mvivu angetosheka na moja. Kuna kuonja, na kuna kula. Mpishi huonja ajue chumvi. Mnunuzi huonja ajue kama atanunua. Mpita njia huonja apate kusema kwao kwamba ameonja. Wote watatu hubaki juu ya chakula, kama hakimu abakivyo juu ya kiti chake. Mlaji hayuko hivyo. Mlaji hukiruhusu kitu kilichopikwa na mwingine kiwe nyama yake na damu yake, na kwa saa moja hutia uzima wake katika mikono asiyoijua. Kuonja ni kupima. Kula ni kuamini. Tofauti hii haimo katika wingi wa chakula. Mtu aweza kumaliza sahani nzima naye ameonja tu, na mwingine akala matonge mawili naye amekula.

Hapana mahali pafaapo kulipima jambo hili kuliko mji wa Arusha na vijiji vilivyo katika miteremko ya Mlima Meru. Mlima huo, ambao kwa urefu ni wa pili katika Tanzania baada ya Kilimanjaro, huvuta mvua upande wake wa kusini, na mvua hiyo imeotesha migomba, kahawa, mahindi na maharage mpaka karibu na mipaka ya msitu. Chini yake ni nyika kavu, nchi ya mifugo. Kwa hiyo jungu la Meru limepikwa na mvua na ukame pamoja. Wameru, ambao lugha yao ni jamaa ya Kichaga, ni wakulima wa migomba tangu zamani. Waarusha, wasemao Kimasai, walijenga katika miteremko ya kusini-magharibi katika karne ya 19, wakaitwaa migomba na jembe bila ya kuwaacha ng'ombe. Katika nyumba zao mgeni hukuta loshoro, yaani mahindi yaliyokobolewa na kuchemshwa, yakapoa, kisha yakachanganywa na maziwa ya mgando. Hukuta makande, ndizi zilizopikwa kwa nyama, mtori uliovuka kutoka Uchagani, mboga ya mnafu yenye uchungu wake, na maziwa yaliyokaa katika kibuyu kilichosafishwa kwa kijinga cha moto cha mzeituni wa porini, hata yakanukia moshi.

Mgeni aliyezoea maziwa ya dukani hunywa maziwa hayo akakunja uso. Husema yameungua. Mwenyeji wake, akipewa maziwa ya dukani, huyaona kama maji yaliyopakwa chokaa. Nani kati yao amekosa? Hapana aliyekosa mpaka hapo. Ndimi mbili zimesema kweli mbili. Kosa huanza neno lifuatalo litamkwapo: mmoja asemapo kuwa yule mwingine hajui maziwa. Hapo ladha imeacha kuwa ladha; imekuwa daraja ya watu, wa juu na wa chini. Dharau ndogo mezani ni mama wa dharau kubwa nje ya meza, kwa kuwa mtu aliyekwisha kuamini kwamba wenzake hawajui kula haoni taabu kuamini kwamba hawajui kutawala, wala kumiliki, wala kufikiri.

Yafaa dharau hiyo ipewe dawa mapema, na dawa yake ni kujua historia ya kilichomo chunguni. Mahindi si mzaliwa wa Meru. Asili yake ni Amerika, na maharage ya makande pia yametoka huko. Hayakuijua Afrika ila baada ya mabaharia wa Ulaya kuvuka bahari ya Atlantiki mwishoni mwa karne ya 15. Mgomba ni mgeni wa zamani zaidi, kutoka Asia ya kusini-mashariki. Mbuni wa kahawa ulishuka kutoka Uhabeshi. Mtu akivua kila kilichoingia kama mgeni, loshoro hubakiwa na maziwa, na makande hubakiwa na chungu na maji. Je, ni haki kuyaita haya vyakula vya jadi? Ni haki kabisa. Jadi ya chakula haimo katika mahali mbegu ilipoota kwanza, bali katika vizazi vilivyoitunza, mikono iliyojua muda wa kuichemsha, na majina waliyoipa. Kila chakula cha jadi ni mgeni wa jana aliyepokewa vizuri. Aliyejua hivi hawezi kujivunia chakula chake kwa kiburi, wala hawezi kukicheka cha mwenzake kwa usalama, kwa kuwa hajui ni lini sahani hizo mbili zitakuwa sahani moja.

Yawezekana mtu aulize: ikiwa ladha haiamrishwi, mgeni aliyeletewa asichoweza kukila afanye nini? Wapo wasemao kuwa adabu humlazimu ale kila aletewacho. Kauli hii ni nzuri kwa sura, lakini ni mbaya kwa matumizi. Kuna kukataa kwa namna tatu, na kila namna ina uzito wake. Kwanza ni kukataa kwa mwili: tumbo la mtu halikubali maziwa, au tabibu amemkataza. Pili ni kukataa kwa dini na ahadi: Mwislamu hawezi kunywa damu ya ng'ombe, ambayo wafugaji wa Kimasai wameinywa kwa vizazi vingi peke yake au pamoja na maziwa, na Wakristo wengi huizuia vilevile. Tatu ni kukataa kwa dharau. Namna mbili za kwanza hazimvunjii mwenyeji heshima kama zikisemwa wazi na kwa staha. Mtu asemaye, "Hiki sikiwezi, baba, lakini nipe kile," amekataa kitu na kumpokea mtu. Namna ya tatu hukataa mtu hata ikiwa imekubali kitu. Yuko mgeni ambaye hula kila kitu, akatabasamu, kisha akifika kwao huwachekesha rafiki zake kwa habari ya mambo aliyolishwa. Huyo alikubali kwa kinywa akakataa kwa moyo. Na pengine yule aliyeomba radhi asile alikuwa mlaji bora kuliko yeye.

Mwenyeji naye hana ruhusa ya kukigeuza chakula kuwa mtihani. Wako watu wapendao kumwekea mgeni kile kigumu kuliko vyote, wakamzunguka, wakamtazama usoni wapate kucheka. Hilo si karamu. Ni mtego uliopambwa. Wala si haki kusema kwamba desturi ni njema kwa kuwa ni ya zamani tu. Katika desturi za Kimasai nyama ya morani haikuruhusiwa kuonwa na mwanamke aliyeolewa, na katika nchi nyingi za Afrika mafungu mazuri ya mnyama yalikuwa ya wanaume, yaliyosalia ya wanawake na watoto. Chakula cha jadi chaweza kuwa na haki ndani yake, na chaweza kuwa na dhuluma ndani yake. Mgeni aheshimuye si lazima afumbe macho. Lakini afumbue macho baada ya kufumbua masikio, naye akumbuke kuwa kwao pia mafungu hayakuwa sawa.

Sasa litazamwe deni lenyewe. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu huitumia methali hii kuwachekea wageni wasiotaka kuondoka, lakini ndani yake mna falsafa ya chakula nzima. Siku mbili za kwanza mgeni huonja. Siku ya tatu hula, na alaye hushika jembe. Maana yake ni kwamba kipo kipimo ambacho ukarimu ukikipita bila ya kurudishwa hugeuka kuwa uporaji wa taratibu. Methali nyingine husema jambo hilo waziwazi zaidi: ukila cha mwenzio, na chako kiliwe. Hapo haitajwi fedha. Yatajwa zamu. Deni la kwanza la mlaji ni kukubali kuwa zamu yake itafika, na kwamba aliyemlisha leo ana haki ya kukaa kesho mezani kwake akionja, akiuliza, hata akikunja uso.

Arusha imepata wageni wengi kuliko miji mingi ya ukubwa wake. Boma la Wajerumani lilijengwa mwaka 1900. Kituo cha mikutano ya kimataifa kilifunguliwa mwaka 1978. Mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa hapo kuanzia miaka ya 1990 hata ikafungwa mwaka 2015. Makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapo, na watalii waendao Serengeti na Ngorongoro hupita hapo kila siku. Wengi wao wamekuja wakaondoka bila ya kuijua loshoro hata kwa jina, kwa kuwa hoteli ziliwapa chakula cha kwao. Tangu miaka ya 1990 imekuwapo mipango ya utalii wa utamaduni katika vijiji vya mlimani: mgeni huongozwa shambani, huoneshwa jinsi kahawa inavyotwangwa na kukaangwa, hula ndizi na mboga katika nyumba ya mkulima, hulipa, huenda zake. Wako wanaoulaumu mpango huo kuwa umegeuza ukarimu kuwa biashara. Lawama hiyo yafaa ipimwe kwa utulivu. Mwanamke apikaye ametumia kuni, maji na nusu ya siku yake. Kumwambia asilipwe kwa kuwa utamaduni hauna bei ni kumtaka aufadhili utukufu wa wengine kwa mgongo wake. Malipo ya haki ni sehemu ya heshima. Lakini ni sehemu yake tu. Fedha hulipa kuni na kazi; hailipi kule kuaminiwa. Mgeni aliyelipa vizuri kisha akampiga picha mzee akila, bila ya kumwomba ruhusa, amelipa bei akabakiza deni.

Wako wageni wengine waliofika Meru si kwa kutaka kuonja. Tangu mwaka 1942 wakimbizi wa Kipoland wapata 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliwekwa Tengeru, chini ya mlima, baada ya kuhamishwa kwa nguvu kutoka kwao na utawala wa Kisovieti na kupitia Uajemi hata Afrika Mashariki. Walikaa kwa miaka, wakalima, wakasoma, wakazika maiti zao. Makaburi yao yako Tengeru mpaka leo na yanatunzwa. Mkimbizi hana nafasi ya kuonja. Ardhi iliyompokea humlisha, naye hula. Vivyo hivyo na mwenye njaa. Katika ukame wa miaka ya 1973 hadi 1975 Tanzania ililazimika kununua na kupokea nafaka kutoka nchi za nje, na watu waliozoea ugali mweupe waliona katika sahani zao ugali wa mahindi ya njano. Wengi walinung'unika, wote walikula. Kwa hiyo kuchagua chakula kwa ladha ni neema iliyojengwa juu ya shibe. Ajaribuye vyakula vya watu kwa kupenda tu angefanya vema kukumbuka kwamba, saa ileile, wako watu wanaokula vyakula vya kigeni bila ya kuulizwa.

Pia liko deni ambalo mwenyeji anadaiwa na chakula chake mwenyewe. Katika nyumba nyingi za mlimani na za mjini, mgeni wa heshima akibisha hodi, loshoro hufichwa. Mtoto hutumwa dukani mbio kwa mchele na soda. Jogoo hufukuzwa uani. Mnafu, uliolisha ukoo mzima, huambiwa ukae jikoni kwa kuwa ni mboga ya shida. Mama hufanya hivyo kwa ukarimu, apate kumpa mgeni kile kilicho bora. Lakini mtoto aliyetumwa hujifunza somo ambalo mama hakukusudia kulifundisha: kwamba kilicho chao si cha kuoneshwa watu. Somo hilo haliishi katika chakula. Kesho hufika katika lugha ya bibi yake, na kesho kutwa hufika katika jina la babu yake. Mwacha asili ni mtumwa, nao utumwa wa namna hii hauna mnyororo, kwa hiyo ni mgumu kuonekana. Ni jambo la kutafakari kwamba karibu na Tengeru, tangu mwaka 1992, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga kimekuwa kikikusanya na kuboresha mbegu za mboga za Kiafrika: mnafu, mgagani, mchicha, ngogwe. Wataalamu wametoka ng'ambo kuja kupima nguvu iliyomo katika majani ambayo wenyewe waliona aibu kuyapakulia wageni. Si vibaya sayansi kuthibitisha. Lakini inasikitisha mtu akingoja cheti kutoka mbali ndipo aheshimu mboga ya mama yake.

Mpaka hapa deni limetazamwa kati ya watu waonanao: mgeni na mwenyeji, mama na mwana. Lakini sahani ina watu wengine wasioonekana, nao ni wale ambao ardhi yao imeotesha chakula. Wameru wanalijua jambo hili kwa uchungu. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu wakazi wa Engare Nanyuki, nyumba zao zikachomwa, ili nchi hiyo wapewe walowezi wa Kizungu wafuge ng'ombe wa maziwa na wa nyama. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hata New York akaieleza kesi ya watu wake mbele ya Umoja wa Mataifa. Aliyekula siagi au nyama ya mashamba yale alikula kitu safi, kitamu, chenye afya; na alikuwa hajui, au hakutaka kujua, kwamba mezani pake palikuwa na watu waliosimama bila ya kiti.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na siku hizi, na unaiunganisha Arusha na nchi ya mbali. Kanada ni nchi ya ngano. Lakini uwanda wake mkubwa wa magharibi, ambao leo ni bahari ya ngano, haukuwa wa ngano zamani. Ulikuwa malisho ya nyati wa huko, na watu wa asili wa nchi hiyo waliishi kwa nyati. Chakula chao cha safari kilikuwa pemikani, yaani nyama iliyokaushwa, ikapondwa, ikachanganywa na mafuta na pengine matunda madogo ya porini. Mtu aliweza kusafiri nayo kwa miezi bila ya kuoza. Katika karne ya 19 nyati waliuawa kwa wingi hata wakakaribia kwisha. Katika miaka ya 1870 mikataba iliwaweka watu hao katika maeneo madogo yaliyotengwa, na badala ya nyati wakapewa posho ya unga, mafuta na chumvi. Kwa unga huo walipika banoki, mkate mzito usiohitaji hamira, ambao jina na namna yake vilifika huko pamoja na wafanya biashara wa Kiskoti. Leo banoki huhesabiwa kuwa chakula cha jadi cha watu wa asili wa Kanada. Mgeni huila kwa furaha. Na ana haki ya kufurahi, kwa kuwa ni werevu wa akina mama walioigeuza posho kuwa karamu. Lakini asiyejua kwa nini unga ulikuja mahali pa nyati ameila banoki kwa ulimi tu.

Ngano hiyo haikukaa Kanada. Tangu miaka ya mwisho ya 1960 hata miaka ya mwanzo ya 1990, Kanada ilisaidia Tanzania kwa fedha, mitambo na wataalamu kulima ngano katika nyanda za Hanang, ambazo wakati huo zilikuwa katika Mkoa wa Arusha kabla Mkoa wa Manyara haujaundwa mwaka 2002. Shirika la umma, NAFCO, lilikuwa na mashamba saba makubwa yaliyotwaa zaidi ya ekari 70,000. Nia ilikuwa njema: nchi ijilishe mkate wake yenyewe. Ngano ilipatikana kweli, na mikate ikaliwa mijini. Lakini nyanda zile zilikuwa malisho ya Wabarabaig, wafugaji wa jamii ya Wadatoga, na zilikuwa malisho yao bora kabisa. Walilalamika kwamba wamefungiwa njia za mifugo, na kwamba makaburi ya wazee wao, ambayo kwao ni mahali pa ibada, yalipitiwa na matrekta. Mwaka 1981 kijiji cha Mulbadaw pamoja na baadhi ya wakazi wake kilifungua kesi katika Mahakama Kuu mjini Arusha. Mahakama Kuu iliwapa ushindi. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliutengua.

Hivyo mkate uliokuwa kifungua kinywa cha mjini ulikuwa na historia mbili zifananazo: uwanda wa nyati uliogeuka ngano, na uwanda wa ng'ombe uliogeuka ngano kwa maarifa yaleyale. Hapana sababu ya kumchukia mwoka mikate, wala mkulima wa Kanada aliyekuja kufundisha kwa moyo safi. Wala haifuati kwamba mtu aache kula mkate. Mkate ukiachwa mezani haumrudishii Mbarabaig hata hatua moja ya malisho. Kinachofuata ni kidogo zaidi, na kwa sababu ni kidogo hakina udhuru: mlaji asidai kuwa chakula chake hakina habari. Yafaa aijue habari hiyo, aiseme panapostahili kusemwa, na wakati wa kuamua mambo ya ardhi ufikapo, katika baraza la kijiji au katika Bunge, asimame kama mtu aliyekula cha wenzake.

Huenda mtu akaona kwamba haya yote ni mzigo mkubwa mno kuutwika mkono unaochota tonge. Chakula kiliumbwa kifurahishe, na mtu aliyeshika sahani ya loshoro jioni, baridi ya mlima ikishuka, hataki darsa. Pingamizi hii ni ya haki, na jibu lake liko katika mwenendo wa watu wema wa kawaida. Mlaji mwema hafanyi hesabu ya deni huku akitafuna. Deni lake huonekana katika mambo madogo: huuliza jina la chakula na kulishika, huuliza nani amekipika, akamshukuru yeye badala ya kumshukuru bwana wa nyumba peke yake, hula pamoja na watu wala si mbele ya watu, akishindwa, husema ameshindwa yeye, wala hasemi chakula kimeshindwa. Akirudi kwao husimulia habari ambayo wenyeji wake wangeweza kuketi wakaisikiliza bila ya kuinamisha vichwa. Na akiwa na nyumba, mlango wake hujulikana. Mambo haya hayapunguzi utamu. Huuongeza, kama vile wimbo huongezeka utamu kwa anayeyafahamu maneno yake.

Kwa hiyo hakimu mwepesi, ulimi, na aachiwe kiti chake. Aseme kitamu, aseme kichungu. Hiyo ni kazi yake na hapana wa kumnyang'anya. Lakini juu yake yuko hakimu mwingine, ambaye hahukumu chakula, humhukumu mlaji. Huyo haulizi mtu ameonja vyakula vingapi, vya makabila mangapi na ya nchi ngapi. Huuliza kama wale waliomlisha wangependa arudi.